Filamu ya "Hyènes": Nani Aliyemfungulia Fisi Mlango?

Sanaa haizaliwi hewani. Huzaliwa katika jamii yenye matabaka, na ipende isipende hubeba mtazamo wa tabaka fulani. Kwa hiyo kada anapotazama filamu hatosheki kuuliza kama imempendeza. Hana budi kuuliza: inamfundisha mtazamaji kumtambua adui yupi, na inamwachia silaha gani?

Miaka ya 1990 ilitoa filamu nyingi zilizosifiwa duniani. Nitazitazama mbili. Titanic ya James Cameron ilitoka mwaka 1997, ikagharimu dola za Marekani zipatazo milioni 200, na mwaka 1998 ikatunukiwa tuzo 11 za Oscar. Si kweli kwamba filamu hii haioni matabaka. Inaonyesha mageti yaliyofungwa ili abiria wa daraja la tatu wasipande juu wakati meli inazama. Historia ya mwaka 1912 yenyewe ni shahidi: wengi wa daraja la kwanza waliokoka, wengi wa daraja la tatu walikufa. Lakini ukinzani huo unatatuliwa wapi? Katika mapenzi ya watu wawili! Makabwela wa chini wanabaki wacheza ngoma wa kumfurahisha binti wa tabaka la juu. Mtazamaji anatoka akimlilia Jack. Haulizi nani alikuwa na funguo za mageti.

Swali hilo la funguo ndilo linaloulizwa na Hyènes, yaani Fisi, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Filamu hii ya Kiwolofu ilishindania tuzo katika tamasha la Cannes mwaka 1992. Mambéty aliichukua tamthilia ya mwaka 1956 ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, akaipanda Colobane, mahali alipozaliwa yeye mwenyewe.

Colobane imefilisika; hata samani za ofisi ya mji zinachukuliwa kwa sababu ya madeni. Ndipo anaporudi Linguère Ramatou, ambaye sifa zinavuma kwamba utajiri wake unaipita Benki ya Dunia. Yuko tayari kuuneemesha mji kwa sharti moja: auawe Draman Drameh, muuza duka anayependwa na wote. Meya anakataa kwa jina la utu, na wananchi wanamshangilia. Lakini kesho yake wanaanza kuchukua bidhaa dukani kwa Draman mali kauli. Miguuni mwao wana viatu vipya vya njano kutoka Burkina Faso. Draman anapoviona anaelewa kwamba bei ya kichwa chake imekwisha kuanza kutumiwa.

Wapo wanaosema Ramatou ni ubeberu, na hapo uchambuzi umekwisha. Ni kweli kwamba filamu ilitoka wakati nchi nyingi za Afrika zimebanwa na masharti ya IMF na Benki ya Dunia. Tanzania nayo ilitia saini makubaliano na IMF mwaka 1986, na Januari 1994 faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu. Lakini kwa maoni yangu, uchambuzi huo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humpumzisha mtu asijikosoe.

Kwanza, Ramatou si mgeni. Ni binti wa Colobane. Draman alimpa mimba, akaikana, akahonga mashahidi wawili waseme uongo, na mji ukamfukuza akaishie kwenye ukahaba. Fedha inayorudi kuwanunua imezaliwa na dhuluma yao wenyewe. Pili, hakuna anayelazimishwa kwa bunduki. Minyororo inaingia kwa sura ya feni, jokofu na televisheni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya juu ya kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo; Mambéty anaonyesha onyo hilo likipuuzwa, hatua kwa hatua. Mwishowe wananchi wanamzunguka Draman. Wanapoachana, limebaki koti lake tu. Kisha yanakuja matingatinga.

Filamu hii ina upungufu wake. Colobane ina wanunuzi na wadaiwa. Haina wakulima na wafanyakazi waliojipanga. Hakuna hata sauti moja inayosimama mkutanoni kusema hapana hadi mwisho. Wengine wataita hali hiyo kukata tamaa. Mimi naiona ni nafasi iliyoachwa wazi kwa mtazamaji. Msanii ameonyesha ugonjwa. Kupanga dawa ni kazi ya wananchi wenyewe.

Kwa hiyo makada na wanafunzi waitazame filamu hii pamoja, kisha wajadili. Wasianze na swali la fisi ametoka wapi. Waanze na lililo gumu zaidi: katika kijiji chetu, kiwandani kwetu, tawini kwetu, ni nani tuliyemdhulumu tukanyamaza, na ni viatu gani tumekwisha kuvaa kabla ya kulipa?