Sauti Baada ya Picha: Blake's 7 Katika Mchezo wa Kusikilizwa

Yasemwa aghalabu kwamba mchezo wa televisheni ukiondolewa picha hubaki makapi. Kauli hiyo yafaa kupimwa kwa mfano, na mfano mwema ni Blake's 7, mchezo wa BBC wa hadithi za kubuni za kisayansi ulioonyeshwa Uingereza toka Januari 1978 hata Desemba 1981, katika sehemu 52. Mtungaji aliyeuanzisha, Terry Nation, alisimulia habari za Blake, mwasi aliyekuwa akipelekwa uhamishoni katika sayari ya mbali, akapata chombo cha angani kiitwacho Liberator, akapigana na Shirikisho, yaani dola iliyotawala sayari nyingi kwa hila na mabavu. Wenzake wengi walikuwa wahalifu. Na mmoja wao, Avon, hakuificha dharau yake. Mwisho wake ulikuwa msiba: Avon alimwua Blake kwa kudhani kuwa amesalitiwa.

Mchezo huo ulibakiza wapenzi wachache lakini waaminifu, na kwa ajili yao ukafufuliwa katika sauti. BBC Radio 4 ilitoa michezo miwili, mmoja mwaka 1998 na mwingine 1999. Mwaka 2007 B7 Productions iliianza hadithi upya kwa waigizaji wapya. Tangu 2012 Big Finish ikawarudisha waigizaji wa zamani, miongoni mwao Gareth Thomas aliyekuwa Blake na Paul Darrow aliyekuwa Avon.

Mtu akiuchungua mchezo wa asili ataona kwamba sikio lilikwisha kupewa heshima yake humo. Kompyuta mbili, Zen na Orac, hazikuwa na uso wala mikono. Utu wao wote ulikuwa katika sauti, hasa za mwigizaji mmoja, Peter Tuddenham. Cally, mwanamke aliyeweza kuwapelekea wenziwe mawazo yake bila ya kufumbua kinywa, hakuonekana akifa. Mauti yake yalijulikana kwa ukelele tu, mwanzoni mwa fungu la nne. Hata katika tukio la mwisho, Avon alizungukwa na askari, akainua silaha, akatabasamu. Picha ikakatika, na milio ya risasi ikasikika gizani. Jambo zito kuliko yote liliachiwa sikio. Kwa hiyo ufufuo huu haukuleta kitu kigeni, ulikuza kilichokuwamo.

Lakini kurudi kwa sauti si kazi nyepesi. Waliofanya mchezo wa 2007 walichagua njia ya haki: maadamu waigizaji ni wapya, na hadithi iwe mpya. Derek Riddell alipokuwa Blake na Colin Salmon akawa Avon, msikilizaji hakuombwa ajidanganye kuwa anawasikia watu wa kale. Gharama yake ni kwamba ugomvi wa Blake na Avon, ulioiva kwa miaka, ulilazimika kupandwa tena toka mbegu.

Big Finish ilikuwa na taabu ya kinyume. Sauti zilikuwa zile zile, ila zilikuwa zimezeeka kwa zaidi ya miaka 30, ilhali watu wa hadithi hawakuzeeka hata siku moja. Mfululizo wa kwanza, The Liberator Chronicles, ulitatua taabu hiyo kwa busara: mhusika mmoja husimulia, na mwingine mmoja au wawili huigiza pamoja naye. Msimulizi hukumbuka, na kukumbuka kwaruhusu uzee wa sauti. Tena umbo hili lampa msikilizaji shaka yenye manufaa. Vila, mwizi na mwoga, mhusika pekee aliyemo katika sehemu zote 52, akisimulia mwenyewe, msikilizaji hana budi kupima lipi ni kweli na lipi ni kujitetea. Kamera isingeweza kufanya hivyo kwa wepesi, kwa kuwa kamera huonyesha alichofanya mtu hata akikana. Wajuao fasihi simulizi hawatastaajabu: mtambaji huificha na kuifunua hadithi kwa sauti ile ile.

Michezo ya waigizaji wengi, iliyofuata, ina nguvu pungufu. Warship, wa mwaka 2013, uliingizwa kati ya fungu la pili na la tatu, ukaeleza vita ambavyo televisheni iliviruka karibu vyote. Sauti yaweza kujenga majeshi ya angani pasipo gharama kubwa. Lakini humlazimu mhusika kumweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanaliona. Hapo maneno huwa watumwa wa picha isiyokuwapo. Aidha, pengo lililojazwa si pengo tena, na pengo lile lilikuwa mali ya mtazamaji, aliyekwisha kulijaza kwa fikira zake.

Gareth Thomas alifariki mwaka 2016, Jacqueline Pearce, aliyekuwa Servalan, 2018, na Paul Darrow 2019. Vifo hivyo vyaipa kazi ya Big Finish thamani isiyotokana na ufundi peke yake, kwani bila yake wazee hao wasingalitamka tena maneno mapya ya watu wale. Hata hivyo huruma si kipimo cha sanaa. Kwa kipimo cha sanaa, sehemu zitakazodumu ni zile ambamo mtu mmoja asimulia, na msikilizaji hana picha ya kumsuta wala ya kumtetea.