Hongera kwa Lupita, na kwa Sauti Zake

Wengi humkumbuka Lupita Nyong'o kwa lile gauni la samawati na tuzo ya Oscar aliyoipata Machi 2014 kwa kuigiza Patsey katika 12 Years a Slave. Mimi nampa hongera kwa kilichofuata. Uso wake ulipokwisha kupamba majarida ya dunia, alikubali kuwa Maz Kanata wa Star Wars (2015), kiumbe wa kompyuta asiyeonyesha hata ukope wa Lupita mwenyewe. Mwaka huohuo akapanda jukwaani New York katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Na malipo ya jukwaani, tuseme ukweli, si ya Hollywood.

Ila kazi yake ninayoirudia ni Us (2019). Anaigiza wanawake wawili wenye sura moja. Adelaide anatembea kama sisi sote. Red ana sauti ya kukwaruza, kila neno kama linavutwa kooni kwa kamba. Ukifumba macho bado utajua ni nani anayeongea. Kwenye mahojiano, je? Siku hizi utasikia lafudhi ya Kenya, ileile aliyojifunza kuificha alipokuwa Yale ili apate kazi Marekani, kisha akaamua mwenyewe kuirudia.