Kipimo cha Ukawaida Kimo Mkononi mwa Nani?

Katika somo la saikolojia vyuoni mwetu ipo sura moja ambayo wanachuo huisoma kwa shauku kuliko zote: ile ya tabia zisizo za kawaida. Kila mmoja hujitafuta humo, kisha humtafuta jirani yake. Naona sura hiyo inastahili kuhakikiwa, kwa kuwa mwalimu anayetoka nayo chuoni huenda kuitumia kwa watoto wa watu.

Kwa kawaida wataalamu hututajia vipimo vinne. Cha kwanza ni uchache: lisilotendwa na wengi si la kawaida. Kipimo hiki kinahesabika, lakini hakina macho. Katika mitihani ya akili yenye wastani wa 100, watu wapatao 2 katika kila 100 hupata chini ya 70, na wengine kama hao hupata zaidi ya 130. Kwa hesabu tupu makundi hayo ni sawa, lakini nani amepata kumpeleka mtoto hospitali kwa kuwa na akili nyingi? Aidha, mtu 1 hivi kati ya 10 hutumia mkono wa kushoto. Kwamba ni wachache ni kweli. Kwamba wana kasoro si kweli. Hata hivyo, wangapi walichapwa madarasani mpaka wakahamia mkono wa kulia?

Kipimo cha pili ni kukiuka desturi za jamii. Hapa ndipo penye hatari, maana hatuambiwi ni jamii ya nani. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili, akayapa na jina: drapetomania. Miongoni mwa dawa alizopendekeza ni viboko. Kupenda uhuru kukawa ugonjwa, na mwenye mjeledi akawa tabibu.

Tusidhani mambo hayo yaliishia ng'ambo. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika juu ya akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likamchapishia mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Baadaye aliandikia serikali ya kikoloni juu ya Mau Mau, akaueleza uasi ule zaidi kama wasiwasi wa watu waliopotewa na mila zao kuliko madai ya watu waliopoteza ardhi. Frantz Fanon alimjibu katika kitabu chake cha 1961. Nami naongeza hili tu: Carothers alishika kipimo, lakini hakujipima. Nyani haoni kundule.

Vipimo viwili vilivyobaki, yaani dhiki ya mhusika na kushindwa kwake kuyamudu maisha, ni bora zaidi, kwa sababu humwangalia mtu mwenyewe kabla ya kuwauliza majirani. Lakini navyo vina upungufu. Mgonjwa aliyepandwa na furaha ya wazimu hana dhiki yoyote. Mfiwa anayo dhiki tele na si mgonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliliona jambo hili. Unasema kwamba huzuni ya kufiwa inayotarajiwa katika utamaduni wa mtu si ugonjwa, wala ugomvi wake na jamii si ugonjwa, ila pale kasoro inapokuwa ndani yake mwenyewe. Hayo ni maneno ya busara.

Mwaka 2022 toleo jipya la mwongozo huohuo liliongeza ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, kwa mtu mzima ambaye hata baada ya miezi 12 bado msiba umemwelemea. Shirika la Afya Duniani lenyewe huhesabu miezi 6. Huzuni ni moja, kalenda mbili! Kwa Waislamu, mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, lakini hakuna asemaye kwamba siku ya 11 machozi yake ni maradhi. Ni haki kuongeza kwamba miongozo yote miwili humtaka daktari aangalie mila za mfiwa kwanza. Tarehe ni taa ya kumwonyesha njia, si hakimu.

Simaanishi kwamba ugonjwa wa akili ni uzushi wa wenye nguvu. Upo, nao unaua. Anayemficha mgonjwa chumba cha uani akisingizia mashetani humdhulumu kama yule anayemwita mzima mgonjwa. Ninachodai ni kwamba neno “si wa kawaida” lisitamkwe peke yake. Mwalimu, kabla hujaliandika katika ripoti ya mtoto, jiulize: Je, anaumia? Je, anashindwa kujifunza, kucheza na kulala? Au ananisumbua mimi tu? Kama jibu ni hilo la tatu, anayehitaji kuchunguzwa kwanza si mtoto.