Macho Yenye Pazia

Wazee husema ya kuwa macho hayana pazia. Walakini yuko mchoraji mmoja aliyeyatilia pazia macho ya mwanamke aliyempenda, nasi twapenda kuwauliza wasomaji wetu: je, alimheshimu kwa kufanya hivyo, ama alimficha?

Mchoraji huyo ni Amedeo Modigliani, Mwitalia aliyezaliwa Livorno mwaka 1884 na kuhamia Paris. Picha tunayoinena ni ya Jeanne Hébuterne, binti wa Kifaransa, iliyochorwa kati ya mwaka 1918 na 1919, Jeanne alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi. Sasa imo katika makumbusho ya Guggenheim, New York. Kimo chake chapata mita 1. Binti ameketi, amevaa sweta nzito ya rangi ya manjano. Shingo yake ni ndefu kupita kadiri, mabega yameteremka, na kichwa kimeinama kidogo. Macho yamepakwa rangi hafifu tu, wala hayana mboni.

Aionaye mara ya kwanza huenda akacheka, akasema, "Huyu hakujua kuchora." La, sivyo. Modigliani alifundishwa kuchora tangu ujana wake, naye aliyaacha maumbile kwa kusudi. Kabla ya picha hizi alichonga vichwa vya mawe, akiisha kuvitazama vinyago vya Afrika vilivyopelekwa Paris, hasa vya Wabaule wa Kodivaa. Humo alijifunza pua ndefu, kinywa kidogo na uso uliotulia. Basi sisi Waafrika tusiicheke shingo ile upesi, maana asili yake haiko mbali nasi.

Lakini hapo ndipo tunapomkosoa. Mchoraji aliazima utulivu wa kinyago akamvika mtu mwenye jina na kazi yake. Jeanne naye alikuwa mchoraji. Alisoma katika Académie Colarossi, Paris, na mwaka 1917 akakutana na Modigliani. Itazameni picha yote: hamna brashi wala dalili yo yote ya kazi ile. Alimchora zaidi ya mara 20, na ulimwengu ukamjua kwa shingo yake, si kwa mikono yake.

Mwisho wao ulikuwa wa huzuni. Modigliani alifariki tarehe 24 Januari 1920 kwa kifua kikuu kilichopanda kichwani. Muda usiotimia siku mbili baadaye Jeanne, aliyekuwa karibu kujifungua mtoto wa pili, alijiua, naye hakuwa ametimiza miaka 22. Kazi zake zilibaki kwa jamaa zake, hata mwaka 2000 zikaonyeshwa Venice.

Basi twasemaje? Picha ni njema, na upole wa rangi zake hauna shaka. Tena pazia lile lina ukweli wake: mchoraji hakujidai kuujua moyo wa mwenziwe, bali aliuacha umefungwa. Kosa kubwa zaidi ni letu watazamaji, tuliodhani ya kuwa nyuma ya pazia hapana kitu, kumbe alikuwako mtu, naye alikuwa akituangalia na kuchora.