Sekunde 27 za Ziada

Geoffrey Kamworor hakupaswa kukimbia 27:01.06 pale Kasarani, Juni 2021. Nalisema kabla ya yote ili msomaji ajue nimesimama wapi. Mwaka mmoja nyuma, Juni 2020, pikipiki ilimgonga akiwa mazoezini, mfupa wa muundi ukavunjika na akafanyiwa upasuaji. Alipofika kwenye majaribio ya kitaifa ya mita 10,000 alidaiwa mambo mawili tu: awe miongoni mwa wanaochukuliwa, na ashuke chini ya 27:28.00, kiwango cha kufuzu kwa Olimpiki ya Tokyo. Aliyapata yote mawili, kisha akaongeza sekunde 27 ambazo hakuna aliyemdai. Julai akatoka kwenye timu kwa sababu ya jeraha la kifundo cha mguu. Tokyo tukaenda bila yeye, na medali zote tatu za mbio hizo zikagawanywa kati ya Ethiopia na Uganda.

Tuzipige hesabu sekunde hizo, maana hapa ndipo uamuzi ulipofanyika. Muda wa 27:28 ni mizunguko 25 ya sekunde 65.9 kila mmoja. Muda wa 27:01 ni mizunguko ya 64.8. Tofauti ni sekunde moja na ushei kwa kila mzunguko, na kwa macho ya aliyekaa jukwaani ni kitu kidogo. Kwa mguu si kidogo. Kila mzunguko una kona mbili, kwa hiyo katika mita 10,000 kuna kona 50, zote za kushoto, na katika kila moja mguu unatua ukiwa umeinama upande huku kifundo kikibeba uzito ndani ya kiatu cha misumari ambacho kisigino chake ni chembamba kama ukoko. Kasi inapopanda, mguu hukaa ardhini kwa muda mfupi zaidi na kila kishindo huwa kizito zaidi. Kifundo kilichokaa miezi bila kubeba uzito kamili, chini ya mfupa uliounganishwa na daktari, ndicho kilichopewa kazi hiyo mara maelfu katika mwinuko wa Nairobi. Kumbukeni pia kwamba kwenye fainali ya Beijing mwaka 2015, akiwa mzima kabisa, akimfukuza Mo Farah hadi kwenye utepe, Kamworor alipata fedha kwa 27:01.76. Yaani kwenye majaribio ya nyumbani, juu mlimani, mwaka mmoja baada ya kuvunjika, alikimbia kasi zaidi ya siku aliyopigania ubingwa wa dunia. Na fainali yenyewe ya Tokyo? Selemon Barega aliishinda kwa 27:43.22. Mbio za kuchagua timu zilikuwa na kasi zaidi kwa sekunde 42 kuliko mbio ambazo timu ilichaguliwa kwenda kuzikimbia.

Wapo watakaosema Rodgers Kwemoi alikuwa nyuma yake, na mkimbiaji akisikia hatua mgongoni hawezi kuanza kupiga mahesabu ya daktari. Lakini Kwemoi alimaliza wa pili na Tokyo alikwenda. Tiketi ya wa pili haikuwa na rangi tofauti na ya wa kwanza. Kumwachia Kwemoi aongoze, kukaa hatua tatu nyuma, kufunga kazi kwa 27:15 na kwenda kuweka mguu kwenye barafu: mbio za namna hiyo zilikuwepo pale pale uwanjani, na bingwa mara tatu wa dunia wa nusu marathoni alizijua kuliko sisi wote. Hoja yangu haitegemei kwamba dakika zile 27 ndizo zilizokiumiza kifundo. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichowekwa rehani na kile kilichoweza kununuliwa. Kilichowekwa rehani kilikuwa Olimpiki. Kilichoweza kununuliwa kilikuwa makofi.

Kazi iliyomtoa kitandani hadi Kasarani ilikuwa nzuri mno, na sina neno nayo.

Tatizo ni kwamba uzuri wa kazi hiyo ndio mtego wenyewe, na hili linawahusu moja kwa moja vijana wa Kericho na Bomet. Mkimbiaji aliyeumia leo haambiwi tena alale akisubiri. Anaambiwa aendelee kujishughulisha, na ni ushauri sahihi. Akiondolewa magongo anatembea kwenye barabara za murram zilizo katikati ya majani chai, anapanda baiskeli kutoka Litein hadi Kapkatet, anainua kisigino kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya nyumba hadi shavu la mguu liwake moto, anafanya mazoezi ya tumbo na nyonga kwenye nyasi. Moyo na mapafu havijui kama mtu anakanyaga pedali au ardhi; vinachojua ni kazi, na kwenye vilima vya Konoin, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kazi haikosekani. Kwa hiyo pumzi hurudi mapema. Misuli nayo hufuata. Kano huchelewa, na mfupa nao huchelewa, kwa sababu mfupa ukishaunga bado huendelea kujijenga upya kwa miezi mingi, na hujijenga kwa kuzoea mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Ikifika siku ya kurudi kwenye mbio, mtu huyo ana injini ya lori juu ya ekseli ya mkokoteni. Anajisikia mwepesi. Hahemi. Kila dalili anayoijua tangu utotoni inamwambia yuko tayari, na dalili hizo zote zinatoka kifuani, hakuna hata moja inayotoka kwenye mfupa.

Hapo ndipo suala la moyo mkunjufu linapoingia, nami silidharau. Kukaa miezi kumi ukisikia wenzako wakipita alfajiri kwenye murram ni mateso, na mwanariadha aliyevunjika moyo huacha hata yale mazoezi madogo yanayoweza kumrudisha. Lazima awe na tumaini. Swali ni tumaini hilo limefungwa kwenye nini. Likifungwa kwenye saa ya mkononi, yaani kwenye siku moja ambayo atawaonyesha watu kwamba amerudi, basi siku hiyo ikifika hataweza kukimbia kwa busara, kwa sababu kila kitu alichovumilia kinadai malipo papo hapo. Likifungwa kwenye vitu vidogo vinavyohesabika, kama vile wiki hii nimeinua kisigino mara 25 kwa mguu mbovu, sawa na mguu mzima, au jana nilitembea dakika 50 na leo hakuna uvimbe, tumaini hilo hulipwa kila siku na halibaki na deni la kudai kwenye majaribio. Ile 27:01 ya Kasarani, kwa macho yangu, ilikuwa deni la mwaka mzima likilipwa kwa siku moja.

Sasa tufike kwa Kipchoge Keino, maana haiwezekani kuandika haya nchini Kenya bila mtu kumtaja. Mexico 1968, akiwa na maradhi ya nyongo, alianguka kwa maumivu kwenye mita 10,000 mizunguko ikiwa karibu kwisha, akapata fedha kwenye 5,000, kisha akamwacha Jim Ryun mbali kwenye 1,500. Hadithi hiyo tumeilea miaka zaidi ya 50 kama kielelezo cha mkimbiaji asiyekubali kulazwa, na imewaumiza vijana wengi kuliko tunavyotaka kukiri. Keino alistahili kila sifa aliyopewa. Ila nyongo haikanyagi tartani. Maumivu yake yalikuwa makali lakini hayakuwa kwenye kiungo kilichobeba mbio, na alikuwa kwenye Olimpiki yenyewe, hakukuwa na kesho ya kuihifadhia mwili. Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mwaka 1964, alijua jambo hilo. Fainali ya Mexico aliikimbia kutoka mbele, akajimaliza hadi tone la mwisho, akapata fedha. Alijimwaga siku ya fainali. Na jirani yetu wa Gusii, Naftali Temu, kwenye mbio hizo hizo za 10,000 ambazo Keino alianguka, alimwachia Mamo Wolde aongoze kisha akampita karibu na utepe. Ile ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo wanaume wa Kenya wamewahi kupata kwenye mita 10,000. Tangu mwaka huo tumeshinda majaribio mengi sana ya mita 10,000.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Faith Kipyegon wa Keringet, ambako majani chai ya Bomet yanapakana na ya Kuresoi. Mwaka 2024 jeraha lilimnyima mwanzo wa msimu. Akatokea Nyayo mwezi Juni, akashinda 1,500 na 5,000, wiki tatu baadaye akavunja rekodi yake ya dunia ya 1,500 jijini Paris kwa 3:49.04, na Agosti akabeba dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki. Je, yeye hakurudi kwa kishindo? Alirudi. Lakini hakuwa anarudi kutoka kwenye mfupa uliovunjika na upasuaji, na umbali wa 1,500 ni kona chache mno ukilinganisha na 50. Atakayetumia mfano wake kumpeleka mwenye muundi uliounganishwa kwenye mita 10,000 za kasi ya ubingwa amesoma nusu ya ukurasa.

Mfano ninaoutetea ni wa David Rudisha, wa Kilgoris, ng'ambo tu ya mpaka wa Bomet. Mwaka 2013 goti lilimzuia kwenda kutetea ubingwa wake wa dunia kule Moscow, na yeye alikuwa bado ana 1:40.91 ya London mfukoni. Aliporudi Eugene mwaka 2014 alimaliza wa saba. Mwenye rekodi ya dunia, wa saba, kwa 1:44.87, mbele ya kamera zote. Glasgow mwaka ule akashindwa na Nijel Amos, akachukua fedha. Watu wakasema amekwisha. Yeye akaendelea kupokea vipigo vidogo huku mguu ukijizoeza mzigo, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing. Halafu angalieni majaribio ya Eldoret mwaka 2016, maana ndiyo yanayolingana na Kasarani: Alfred Kipketer wa kwanza, Ferguson Rotich wa pili, Rudisha wa tatu. Hakukimbilia makofi ya Eldoret. Wiki chache baadaye, Rio, alikimbia 1:42.15 na kuchukua dhahabu yake ya pili ya Olimpiki.

Kijana wa Sotik atajibu kwamba Rudisha alikuwa na jina na mkataba, hivyo angeweza kumudu kuwa wa saba, ilhali yeye ana mbio mbili tu kwa mwaka ambazo wakala anaweza kumwona. Jibu hilo ni la kweli na linauma. Namkubalia kwamba mfumo wetu wa majaribio ya siku moja unamwadhibu anayerudi polepole. Nimelalamika juu ya hilo miaka mingi na sitaacha. Namkubalia pia kwamba majeraha mengi huku si ya kujitakia. Barabara ya Kericho kwenda Sotik, hasa nyakati za asubuhi, ina bodaboda na malori na haina kando ya mtu kukimbilia, na baada ya lori kuua watu zaidi ya 50 kwenye makutano ya Londiani mwezi Juni 2023 sidhani kuna haja ya kumshawishi mtu. Lakini wakala anayemwona kijana aking'aa Juni na kutoweka Julai hampigii simu Agosti. Asiye na jina ndiye anayehitaji mguu wake zaidi, kwa kuwa hana kingine cha kuuza.

Kamworor mwenyewe hakupotea. Desemba mwaka ule ule wa 2021 alikuwa wa nne Valencia kwenye marathoni, kwa 2:05:23, na mwaka 2023 akawa wa pili London nyuma ya Kelvin Kiptum. Mwili ulikuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makocha wa Lemotit, wa Bomet na wa kila uwanja wa nyasi uliozungukwa na chai. Mwanariadha wako akirudi kutoka kwenye mfupa uliovunjika, mpe muda wa mzunguko ambao haruhusiwi kushuka chini yake, hata kama anajisikia mwepesi, hata kama mwenzake anaondoka. Uandike mkononi mwake kwa kalamu kabla ya kufunga kamba za viatu. Kasarani ya 2021, namba hiyo ingekuwa 65.