Chombo na Jina: Taashira Mbili katika Walenisi ya Katama Mkangi

Riwaya za kubuni sayansi ni chache katika fasihi ya Kiswahili. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, yaweza kuhesabiwa miongoni mwake kwa sababu ya safari yake ya angani. Ni rahisi kuisoma kama picha tu ya jamii kamilifu. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba uzito wake umo katika taashira mbili zinazotegemeana, yaani chombo na jina.

Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa kifo katika nchi isiyovumilia fikra huru. Adhabu yake ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Anajifunza kukiongoza, na ndivyo anavyofika Walenisi. Tulinganishe na The Time Machine ya H.G. Wells (1895), ambamo msafiri ni mwanasayansi aliyejiundia mtambo wake. Dzombo hakuunda chochote. Mtambo ulitengenezwa na watawala ili umwangamize. Mkangi, ambaye aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, anatuonyesha kwamba ukombozi unaanza pale mhukumiwa anapoushika usukani.

Jina nalo, likikatwa, linasomeka "wale ni sisi". Msomaji anayedhani amepelekwa kwa watu wa sayari ya mbali anajikuta ametazamishwa nafsi yake. Motifu ya safari, iliyo kongwe katika ngano zetu, inageuzwa hapa: shujaa anakwenda mbali ili akutane na utu wake mwenyewe.

Kasoro ya riwaya hii ni mazungumzo yake marefu ya kufundisha. Mgeni huuliza, mwenyeji hueleza, na mara nyingine taashira hufafanuliwa kabla msomaji hajapata nafasi ya kuitafakari.

Hata hivyo, kwetu Bukavu taashira hizi haziko mbali. Koltani ya Kivu hutoa tantali, madini yanayotumika katika simu na hata katika vyombo vya angani. Mchimbaji wa Kivu, basi, jasho lake limo tayari ndani ya chombo, lakini hakukiunda wala haushiki usukani wake. Tena, tangu vita vya mwaka 1996, maneno "wale" na "sisi" yamebeba uzito mkubwa katika pande zote mbili za mto Ruzizi, na wengi wamepoteza maisha kwa sababu ya kuwekwa upande wa "wale".

Kwa hiyo hatuwezi kulisoma jina Walenisi kama mchezo wa maneno tu. Tunawaachia wanafunzi wetu swali hili walijadili: je, inawezekana kusema "wale ni sisi" ilhali chombo kinaongozwa na wachache, au ni lazima usukani ushikwe kwanza, ndipo jina lipate kuwa kweli?