Sikio la Mpenzi wa Dansi katika Delta ya Rufiji

Miongoni mwa kazi za ufundi ambazo historia ya muziki wa Tanzania huzipita kimyakimya ni ile ya mpenzi wa muziki, yaani msikilizaji asiyepiga chombo wala kupanda jukwaani, lakini anayejua kupambanua sauti, kutunza habari za bendi na kuzitetea hoja zake barazani. Ufundi huo ulipata malezi ya pekee Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako mtu aliweza kuipenda bendi ya Dar es Salaam kwa miaka mingi akiwa anaifahamu kwa redio tu.

Mwenzake wa Uingereza wa miaka ya 1960 aliweza kununua santuri na kuirudia nyumbani mpaka akinai, na magazeti ya kila wiki kama New Musical Express, ambalo mwaka 1952 lilianza kuchapisha orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo, yalimletea habari na kumpa mahali pa kubishana kwa barua. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Kazi nyingi za bendi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki huko kwenye kanda, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia ya kwenda Nairobi, zilikotengenezwa santuri, ikazidi kuwa finyu. Wimbo ulipita hewani, na aliyeukosa alingoja mpaka mtangazaji aupige tena. Ndiyo maana mawe ya redio, kama betri zinavyoitwa, yalipochoka yalianikwa juani ili yavute walau kipindi kimoja cha jioni.

Hali hiyo ilimlazimisha msikilizaji kunasa mengi kwa mpigo mmoja. Wimbo wa bendi hizo za dansi kwa kawaida huanza taratibu, waimbaji wakisimulia kisa, kisha huchangamka katika sehemu ya pili ambako magitaa hushika usukani. Asiyezoea husikia mchanganyiko mtamu tu, ilhali mpenzi aliyekomaa hutenga gitaa la solo, linalochora sauti za juu, na lile la rithim, linalojaza katikati, akafuata besi na tumba kila moja kwa njia yake, kisha akataja mpigaji kwa namna anavyokatisha sauti. Mtangazaji alitosheka kutaja bendi na wimbo. Majina ya wapigaji yalijazwa barazani, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo.

Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo alipoihama bendi ya Juwata na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Mlimani Park, upenzi uligawanyika. Juwata ilibaki na mtindo wa Msondo, Mlimani Park ikajulikana kwa Sikinde, majina yote mawili yakiwa ya ngoma za Pwani, ambazo wakazi wa Kibiti hawakuhitaji kuelezwa. Wanamuziki waliendelea kuhamahama, mwimbaji Hassan Bitchuka akiwa mfano mashuhuri, na mpenzi alilazimika kujua nani alikuwa wapi wimbo uliporekodiwa, la sivyo angeisifu bendi kwa sauti iliyokwisha kuhama. Habari hizo zilisafiri na watu: abiria wa barabara ya Kilwa, wafanyabiashara wa nazi na kamba, vijana waliorejea kutoka Temeke na Mbagala. Kutoka Kibiti ziliendelea hadi Nyamisati, zikapanda mashua na kuingia katikati ya mikoko. Msimuliaji mzuri alithaminiwa kwa kutoongeza chumvi, na sifa hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Maandishi nayo yalikuwapo. Kadi ya salamu, karatasi ndogo ambayo msikilizaji alijaza jina lake, wimbo anaouomba na majina ya wanaopelekewa, ilitumwa redioni ikasomwa hewani. Ni ufundi wa ufupi: katika mistari michache mwandishi alichagua wimbo unaobeba ujumbe wake, akajitambulisha kwa lakabu ya kukumbukwa, akawapanga jamaa bila kumkwaza aliyetajwa mwisho.

Siku hizi kijana wa Kibiti husikiliza muziki wa singeli kwenye simu na kuurudia wimbo atakavyo. Wazee waliolelewa na redio bado wapo, na mtafiti anayetaka kujua ni nani hasa aliyepiga solo katika kanda za miaka ya 1970 atapata kwao majibu ambayo matangazo ya redio hayakuwahi kuyataja.